Shajara ya mradi: paa jeupe na misamaha yake

Kikao cha kuanza

Jengo ni la ofisi. Paa lake ni bapa, mita mraba 2,000. Nje kuna mita mraba 1,600 za maegesho, barabara ya ndani na njia za miguu. Mwenye mradi anataka cheti cha LEED, mfumo wa hiari wa kuthibitisha majengo yanayojali mazingira, toleo la 4, na mimi nimekabidhiwa alama zote zinazohusu kiwanja. Ya kwanza kuletwa mezani ni ile ya kupunguza kisiwa cha joto, yaani mtaa kuwa na joto kuliko mazingira yake kwa sababu ya mapaa na sakafu zinazomeza jua. Ina alama mbili. Sijamaliza hata kuieleza, mhandisi wa mitambo akadakia: "Msamaha wa paa tunaupata kwa njia gani?"

Swali hilo huja mapema kila mara, na karibu kila mara huulizwa kana kwamba msamaha ni wa aina moja. Nimeandika ubaoni vitu viwili na nitaviacha pale mpaka kazi iishe.

Cha kwanza ni alama yenyewe ya LEED. Hii ni ya hiari. Usipoitaka unaiacha, hakuna wa kukusamehe wala wa kukuadhibu. Ndani yake kuna maeneo ya paa ambayo hayaingii kwenye hesabu, na watu huyaita msamaha.

Cha pili ni kiwango cha nishati cha majengo kutoka jumuiya ya wahandisi ya Marekani, ASHRAE 90.1 cha mwaka 2010, ambacho LEED toleo la 4 inakitumia kama msingi wa sharti lake la nishati. Hiki ndicho chenye misamaha iliyoandikwa rasmi. Katika kanda za hali ya hewa 1 hadi 3, ambazo ndizo za joto zaidi, kinataka paa lenye mteremko mdogo juu ya nafasi inayopozwa liwe na uakisi wa jua usiopungua 0.55 pamoja na utoaji joto wa 0.75, vyote vikipimwa baada ya miaka mitatu juani. Badala yake unaweza kuleta kielezo cha uakisi wa jua, SRI, cha 64 kwa umri huohuo, au kuongeza kihami joto. Jengo letu liko kanda ya 1, kwa hiyo sharti linatuhusu.

Vitu hivi viwili vinauliza maswali tofauti. Kiwango cha nishati kinauliza: joto kiasi gani litapenya kwenye dari na kuongeza kazi ya kiyoyozi? Alama ya kisiwa cha joto inauliza: uso wa paa utakuwa wa moto kiasi gani kwa hewa ya mtaa mzima? Paa linaweza kufaulu swali moja likaanguka lingine, na misamaha mingi ninayoletewa mezani ni ya swali ambalo hatukuulizwa.

Michoro ya awali

Msanifu alikuwa ameweka paa la mteremko juu ya ukumbi wa mapokezi, la chuma tupu kisichopakwa rangi. Anaupenda mng'ao wake. Hoja yake ni kwamba chuma kinaakisi jua vizuri, kwa hiyo kitapita tu.

Kuakisi kinaakisi. Taabu yake ni kwamba joto kinalolimeza hakilitoi. SRI hukokotolewa kwa vitu viwili pamoja: uakisi, yaani sehemu ya mionzi ya jua inayorudishwa, na utoaji joto, yaani uwezo wa uso kulirusha angani joto uliokwisha kulipata. Njia ya hesabu ni ile ya kiwango cha vipimo cha ASTM E1980. Sifuri ni uso mweusi wa uakisi 0.05, na 100 ni uso mweupe wa uakisi 0.80, vyote vikiwa na utoaji joto wa 0.90. Nimeingiza namba mbele yake. Chuma tupu chenye uakisi 0.61 na utoaji joto 0.25 kinatoka na SRI ya kama 49. Bati lililopakwa rangi nyeupe lenye uakisi 0.59, yaani chini kidogo, lakini utoaji joto 0.85, linatoka na kama 69. Linaloakisi zaidi ndilo linalobaki la moto zaidi.

Kwa mteremko mkali, yaani unaopanda zaidi ya 2 kwa kila 12 za mlalo, LEED inadai kidogo: SRI 39 likiwa jipya, 32 baada ya miaka mitatu. Kwa mteremko mdogo ni 82 na 64. Tofauti hiyo ni kubwa, na chanzo chake ni macho ya watu. Paa la mteremko linaonekana kutoka barabarani, na wenye majengo hawataki yote yawe meupe. Rangi za kuakisi mionzi isiyoonekana zimelifanya hilo liwezekane, kwa sababu zaidi kidogo ya nusu ya nishati ya jua inatufikia kama infraredi ya karibu, ambayo jicho haliioni. Kigae chekundu kilichochanganywa rangi hizo kinabaki chekundu machoni, lakini hakipati moto kama kigae chekundu cha kawaida.

Mwishowe msanifu ameachana na mteremko. Sababu yake ni urefu wa jengo, si hesabu zangu. Ukumbi wa mapokezi sasa umeingia chini ya paa kuu, na mita mraba 2,000 zinabaki vilevile.

Ugomvi wa mita mraba

Huu ndio ukurasa ambao nitaurudia mara nyingi, kwa hiyo nauandika kwa utulivu.

Kanuni ya alama ni hii. Chukua eneo la hatua za chini (kivuli, sakafu yenye uakisi wa kutosha, vitofali vyenye matundu ya udongo), ligawanye kwa 0.5. Chukua eneo la paa lenye uakisi wa kutosha, ligawanye kwa 0.75. Chukua eneo la paa la mimea, nalo ligawanye kwa 0.75. Jumla ya hayo matatu isipungue eneo lote la sakafu ya nje pamoja na eneo lote la paa.

Katika "eneo lote la paa" hazihesabiwi sehemu zilizokaliwa na mitambo, paneli za sola, madirisha ya paa na vifaa vingine vilivyosimikwa juu. Hapo ndipo mhandisi wa mitambo alipopachangamkia. Kwenye mchoro wake uwanja mzima wa paneli, pamoja na vijia vilivyo kati ya safu, ni mita mraba 640, na akautoa wote. Paneli zenyewe, zikitazamwa kutoka juu, zinafunika 400. Zile 240 nyingine ni vijia vya utando uleule wa paa (tabaka la juu la kuzuia maji), vinavyopigwa na jua kama sehemu nyingine yoyote.

Nilimwambia vijia havisamehewi. Akajibu kwamba ninajitafutia ugumu. Basi tukafanya hesabu mbili mezani, yake na yangu.

Yangu: toa paneli 400, mitambo 160, madirisha ya paa 40. Inabaki 1,400. Ndani yake bustani ya paa ni 250, baraza la wafanyakazi 200, utando mweupe 950. Upande wa kulia wa kanuni ni 1,600 za nje na 1,400 za paa, jumla 3,000. Upande wa kushoto, utando ni 950 kwa 0.75, sawa na 1,267 hivi, na bustani 250 kwa 0.75, sawa na 333. Jumla 1,600. Pengo la 1,400 lazima lizibwe na hatua za chini, na kwa kuwa hizo zinagawanywa kwa 0.5, tunahitaji mita mraba 700 za nje.

Yake: toa vijia pia. Kulia panabaki 2,760. Kushoto utando unashuka hadi 710, na ukiongeza bustani unapata 1,280. Pengo ni 1,480, yaani mita mraba 740 za nje.

Msamaha wake unamwongezea kazi ya mita mraba 40. Sababu iko ndani ya kanuni: kila mita ya paa jeupe inayoingia huongeza 1 kulia lakini 1.33 kushoto. Eneo zuri ukilitoa unapoteza theluthi. Msamaha unalipa pale tu unapotoa eneo baya. Baada ya hapo hakubishana tena kuhusu vijia, ila alitaka nimpe jedwali hilo alitumie kwenye mradi wake mwingine.

Baraza la wafanyakazi nimelihesabu kulia na sikulipa thamani yoyote kushoto. Vitofali vyake ni vya kijivu cha wastani, na sitaki alama yetu itegemee vitofali ambavyo mtu atabadilisha rangi kesho kwa sababu ya ladha.

Mkandarasi wa paa na kokoto zake

Zabuni zimefunguliwa. Mmoja wa wakandarasi ameleta pendekezo mbadala: utando mweusi wa mpira, juu yake kokoto za kuushikilia. Bei ni nafuu, na ameambatanisha ukurasa wa ASHRAE 90.1 uliopigwa mstari chini ya msamaha. Ni kweli upo. Paa lililofunikwa kwa kokoto zisizopungua pauni 17 kwa futi mraba, karibu kilo 83 kwa mita mraba, au kwa vigae vya zege vya pauni 23, halidaiwi uakisi.

Mantiki yake ni nzuri kwa swali la nishati. Uzito huo hupokea joto la mchana polepole na kulitoa jioni, kwa hiyo kilele cha joto hakifiki kwenye dari saa ileile kiyoyozi kinapoelemewa. California nayo ina msamaha wa aina hiyo katika kanuni zake za Title 24, kwa paa lenye uzito wa pauni 25 kwa futi mraba juu ya utando.

Lakini kokoto za kijivu cha giza zinapigwa na jua, zinapata moto, na joto hilo linaishia kwenye hewa ya mtaa, hata kama ni saa tatu usiku. Swali la kisiwa cha joto linabaki palepale, na kwenye kanuni ya LEED eneo hilo ni la kawaida kabisa: ama lina SRI inayotakiwa, ama halina. Nimemwandikia hivyo, nikaongeza kwamba mhandisi wa miundo naye hataki kusikia kilo 83 za ziada kwa kila mita ya paa.

Kwa kuwa ukurasa ulikuwa mezani, tumeipitia misamaha mingine. Paa la mimea linasamehewa likiwa na udongo wa kuoteshea wa unene usiopungua inchi 2.5 na likifunika angalau asilimia 75 ya paa. Paa linasamehewa pia ikiwa asilimia 75 yake iko chini ya paneli za sola au vipokea joto vya jua, au iko kwenye kivuli cha sehemu za kudumu za jengo wakati jua liko juu kabisa tarehe 21 Juni. Unaruhusiwa kuchanganya paneli na kivuli kufikia 75. Sisi tuna bustani 250 na paneli 400; hata zingejumlishwa ni 650 kati ya 2,000, theluthi haifiki. Paa la mteremko mkali nalo halidaiwi, na lile lililo juu ya dari yenye hewa inayopita au juu ya nafasi isiyopozwa pia halidaiwi. Utando wa lami na mapaa ya majengo ya chuma yamesamehewa kanda 2 na 3 tu, kwa hiyo kwetu kanda ya 1 mlango huo umefungwa.

Ile tarehe ya 21 Juni nimeicheka kidogo. Mtu aliye karibu na ikweta anajua kwamba siku hiyo jua halipiti utosini. Linapita Machi na Septemba. Kiwango kimeandikwa na watu wa kaskazini kwa jua la kaskazini.

Namba 78

Mkandarasi wa pili, ambaye bei yake ni ya kati, ameleta rangi ya maji ya kupakwa papo hapo juu ya utando uliopo kwenye orodha yake. Karatasi ya vipimo inasema SRI 88. Inasema pia kwamba "inazidi matakwa ya LEED ya 78".

Hiyo 78 ni ya LEED ya 2009. Wakati huo paa la mteremko mdogo lilidaiwa 78 likiwa jipya, la mteremko mkali 29, na ilitosha kufunika asilimia 75 ya paa. Toleo la 4 lilipozinduliwa mwaka 2013 mambo mawili yalibadilika: paa na sakafu ya nje viliunganishwa kwenye kanuni moja, na kipimo kikahamia kwenye hali ya paa baada ya miaka mitatu. Namba ya 64 ya toleo la 4 inaonekana ndogo kuliko 78, na wasiofuatilia hudhani masharti yamelegezwa. Yamekazwa, kwa sababu 78 ilikuwa ya siku ya kwanza.

Nikampigia simu yule bwana wa mauzo.

"Kaka, ya miaka mitatu ni ngapi?"

"Mkubwa, hiyo bado hatujaipima. Lakini LEED inasema kama haipo, unatumia ya mwanzo. Ya mwanzo ni 88, mnataka 82. Tumepita."

Na kwa maandishi yuko sahihi. Kigezo kinasema utimize thamani ya miaka mitatu, na ikiwa taarifa hiyo haipatikani, utumie bidhaa inayofikia thamani ya mwanzo. Mimi sikipendi kipengele hiki. Mwenye bidhaa aliyekaa miaka mitatu akisubiri sampuli zake zichakae juani anahukumiwa kwa ukweli wake. Aliyekaa kimya anahukumiwa kwa siku ya harusi. Kati ya misamaha yote niliyoipitia, huu ndio mpana kuliko yote na hakuna anayeuita msamaha.

Nilitaka kujua bidhaa yake itakuwa wapi. Title 24 ya California ina njia ya kukadiria: uakisi wa baadaye ni 0.2 jumlisha sehemu ya ziada ya uakisi wa mwanzo juu ya 0.2. Sehemu hiyo ni asilimia 65 kwa rangi inayopakwa kwenye eneo la kazi na asilimia 70 kwa bidhaa nyingine. Karatasi yake inaonyesha uakisi wa mwanzo 0.72 na utoaji joto 0.88. Makadirio yanatoa uakisi wa 0.538, na SRI ya kama 63. Imekosa 64 kwa nukta moja, na imekosa pia 0.55 ya ASHRAE. Kama uakisi wake wa mwanzo ungekuwa 0.75, ingetoka na kama 66 na nisingekuwa na la kusema.

Kwa kulinganisha, utando mweupe wa kiwandani ulioletwa na mkandarasi wa tatu una uakisi wa mwanzo 0.80. Kwa makadirio unashuka hadi 0.62, na SRI inatoka kwenye 99 mpaka 74 hivi. Tena huo hauhitaji makadirio, kwa sababu umeorodheshwa kwenye daftari la Cool Roof Rating Council ukiwa na thamani za miaka mitatu zilizopimwa. Baraza hilo, lililoanzishwa 1998, huchakaza sampuli kwenye maeneo matatu ya Marekani: Arizona penye joto kavu, Florida penye joto la unyevu, na Ohio penye baridi na hewa ya viwanda. Kinachotangazwa ni wastani wa hayo matatu. Florida huwa ndiyo mwalimu mkali, kwa sababu kwenye unyevu paa haliishii kupata vumbi tu, linaota kuvu na mwani mweusi.

Nimependekeza wa tatu. Mwenye mradi aliuliza kwa nini alipe zaidi kwa kitu ambacho cheti hakimdai. Nikamwambia sharti la nishati, tusipoongeza kihami joto, linadai thamani za miaka mitatu bila kujali LEED imelegeza wapi, na kwamba baada ya mkaguzi kuondoka, bili ya umeme wa kupoza jengo itakuwa yake. Hilo la pili ndilo lililomgusa.

Chini ya miti

Mita mraba 700 za nje tumezipata hivi: banda la maegesho lililoezekwa paneli za sola, 380; vitofali vyenye matundu ya udongo, 200; kivuli cha miti, 140. Jumla 720. Mara mbili yake ni 1,440, ukiongeza 1,600 za paa unapata 3,040 dhidi ya 3,000. Akiba ni 40.

Kuhusu vitofali, sharti ni kwamba angalau nusu ya eneo iwe wazi, haijafungwa kwa zege. Miti inahesabiwa kwa kivuli kitakachokuwapo ndani ya miaka 10 tangu kupandwa, na lazima iwe imeshapandwa jengo linapoanza kutumika. Mtaalamu wa bustani alikuwa amechora matawi yanayofunika vitofali vyenye matundu, na eneo hilohilo likahesabiwa mara mbili. Tumeihamishia miti upande wa njia za miguu.

Barabara ya ndani ni ya zege la kawaida la kijivu. Zege jipya la aina hiyo huwa na uakisi wa kama 0.35, na kigezo cha sakafu ya nje ni 0.33 kikiwa kipya, 0.28 baada ya miaka mitatu. Majedwali ya LEED ya zamani yanaonyesha zege la kijivu lililochakaa likiwa na 0.20. Kwa mlango uleule wa "taarifa haipatikani" tungeweza kuidai barabara yote na kusahau miti. Nimeiacha nje. Miti ina faida yake hata bila jedwali.

Mabadiliko ya katikati ya kazi

Wiki mbaya. Mhandisi wa mitambo ameongeza mtambo wa kupozea chumba cha kompyuta, na msingi wake umekula mita mraba 60 za utando mweupe. Wengi kwenye kikao walitulia, kwa kuwa eneo la mitambo halihesabiwi. Lakini kulia tumepungukiwa 60 na kushoto 80, kwa hiyo akiba ya 40 imekuwa 20.

Siku hiyohiyo mwenye mradi akataka baraza la wafanyakazi liongezwe mita 30. Hapa kulia hakubadiliki kitu, kushoto tunapoteza 40. Tukawa chini kwa 20. Alama mbili zinaondoka kwa sababu ya meza tano za kunywea chai.

Msanifu alipendekeza vitofali vyeupe kwenye baraza. Zege jeupe jipya lina uakisi wa kama 0.7 na kwenye karatasi lingemaliza tatizo. Nilipanda naye kwenye jengo la jirani lenye paa jeupe saa saba mchana, tukasimama kama dakika kumi. Aliporudi alikuwa amejikunja uso mpaka kope zinatetemeka. Hakuna mtu atakayekaa kwenye baraza la namna hiyo bila miwani ya jua. Tumekubaliana badala yake kuongeza mita 30 za vitofali vyenye matundu kwenye maegesho ya wageni. Hesabu sasa: nje 750, mara mbili 1,500, utando 860 kwa 0.75 ni 1,147, bustani 333, jumla 2,980 dhidi ya 2,940. Akiba imerudi 40.

Nimeweka sharti jipya kwenye utaratibu wa mabadiliko: mchoro wowote unaogusa paa, hata wa bomba, unapita kwangu kabla ya kusainiwa.

Kupima kwenye paa lenyewe

Utando umekamilika isipokuwa ukingo wa upande wa mitambo. Leo tumepima uakisi papo hapo kwa utaratibu wa ASTM E1918. Kifaa ni kipima mionzi kinachoelekezwa juu, kisha chini, kikiwa sentimita 50 kutoka kwenye uso. Unagawa usomaji wa chini kwa wa juu. Jua lazima liwe ndani ya nyuzi 45 kutoka wima, na eneo la kupimia liwe bapa lenye upana wa angalau mita 4 kila upande. Kwa hiyo asubuhi mapema haifai, na vijia vya kati ya paneli havifai kabisa. Ni vyembamba, na paneli zingeingia kwenye usomaji. Tulitumia uwanda wa wazi karibu na madirisha ya paa.

Fundi mkuu alikuwa na wasiwasi na alama za viatu. Vijana wake walivaa viatu vya soli nyeusi siku ya kuunganisha mapande, na mistari ya kijivu inaonekana kuanzia mlango wa ngazi mpaka kwenye mitambo. "Bosi, hii itatoka kwa sabuni?" Ilitoka kwa maji, sabuni laini na brashi ya nyuzi laini. Petroli tumeipiga marufuku. Mtu alikuwa ameshaileta kwenye kidumu.

Kipimo hiki LEED haikidai. Mimi nakitaka kama mwanzo wa kumbukumbu, ili mtu atakayepima miaka mitatu baadaye awe na cha kulinganisha ambacho hakikutoka Florida wala Ohio. Nimegundua pia sehemu mbili ambapo maji yanatuama karibu na mifereji. Maji yakikauka yanaacha duara la tope, na duara hilo litakuwa jeusi kabla ya sehemu nyingine yoyote ya paa. Mkandarasi ataongeza mwinamo kabla ya kukabidhi.

Hali ya sasa

Nyaraka za alama zimewasilishwa: mpango wa paa wenye kila eneo kwa rangi yake, jedwali la kanuni, ukurasa wa bidhaa wenye thamani za miaka mitatu, na mchoro wa kivuli cha miti. Mkaguzi amerudisha swali moja, kuhusu paneli: anataka kuona kwamba zile 400 ni eneo la paneli zenyewe wala si uwanja mzima. Nimemtumia mchoro wa mhandisi ukiwa na vipimo vya kila safu. Hilo lingekuwa jibu gumu kama tungetoa 640.

Yaliyobaki: mwinamo wa mifereji miwili, pedi za kutembelea mafundi, ambazo nimeagiza zije nyeupe za daraja lilelile la utando, na kifungu cha usafi kwenye mkataba wa matunzo. Msimamizi wa jengo amependekeza paa lioshwe mara moja kwa mwaka. Nimemwomba aoshe mwisho wa kiangazi, na sehemu ya mifereji pamoja na upande unaopokea moshi wa jenereta aiangalie kila robo mwaka. Bado tunajadiliana nani atalipia maji.